Kitu Kimoja Tu

Jana jioni mtoto karudi na homweki ya kuchora familia. Kachora mama, kachora baba, kachora kaka yake na mpira, kamchora bibi wa Rufiji na kanga yake, halafu alipofika kwa babu akaja na penseli mdomoni, baba, babu wa Rufiji alikuwa na sura gani? Nikamwambia kamuulize mama yako, ni babu yake. Mama yake alikuwa anachambua mchele, akasema mwanangu mi nilikuwa mdogo sana alipofariki, picha ilikuwa moja tu na ilienda na maji. Akaendelea kuchambua.

Mi nikatoka nje nikakaa barazani. Habari ya huyo bibi wa Rufiji, bibi yake mama watoto, na mafuriko yaliyomleta kwetu nimeshaiongea sana humu, ila kuna kipande sijawahi kumwambia mtu, hata mama watoto. Naona leo nikiseme.

Mnakumbuka bibi alikuja kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, 2024, na wajukuu watano na salfeti mbili za nguo. Walitoka Muhoro kwa mtumbwi, wakapata bodaboda, wakafika Ikwiriri, basi mpaka Mbagala, daladala mpaka Makumbusho, ndo wakapanda gari za Bagamoyo. Sisi tulikuwa wanne, tukawa watu 10 kwenye vyumba viwili na sebule, na siku mpwa wa mama watoto akilala ni 11. Bibi mafuriko hayakuwa mageni kwake. Alikuwa msichana 1968 mto ulipofurika mpaka serikali ikawahamisha watu wa bondeni kuwapeleka juu, na Elinino ya 1997 kaiona. Alikuwa anatuambia kwao maji ni neema, yakishashuka ndo wanapanda mahindi ya mlau kwenye tope jipya, hakuna mbolea inayofikia ile. Lakini haya, anasema, mume wangu (ndo anavyoniita, si mimi mume wa mjukuu wake), maji ya zamani yalikuwa yanakuja kutusalimia yanaondoka, haya yamekuja na mkeka wao.

Mjomba, yani mtoto wake wa mwisho, alibaki kule. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, maji yako usawa wa dirisha, ye kalala kwenye dungu karibu na kilima analinda mbuzi waliobaki na vitu walivyovipandisha darini. Simu hana. Alikuwa na namba yangu tu kaiandika kwenye kipande cha boksi, akipata simu ya kuazima anapiga. Simu ya mama watoto kioo kilikuwa kimekufa, kwahiyo nyumba nzima ile, watu wote wale, mlango wa kutokea ulikuwa simu yangu.

Na simu hiyohiyo ndo nilikuwa nachezea gemu.

Naomba nieleweke hapa. Gemu naipenda, na sioni aibu kuipenda. Asubuhi nilikuwa nazunguka kutafuta magodoro, mchana kazini, jioni kupanga foleni ya maji, tarawehe, nikirudi kuna mtoto analia anataka kwao na kwao kuna maji. Ikifika saa tatu usiku nakaa kwenye kona ya korido, naweka simu kwenye chaji, nacheza eFootball, gemu ya mpira, nusu saa, na ile nusu saa ndo ilikuwa inaniwezesha kuamka kesho na uso wa kumwambia bibi karibu tena. Na wale washkaji wa ligi yetu ya gemu hiyo, tulikuwa 16, wengine Tanga, wengine Dar, wengi sijawahi kuwaona sura mpaka leo, walipojua nina wageni wa mafuriko walikubaliana zile hela za kiingilio, 5,000 kila mtu, zisisubiri bingwa. Zikaletwa kwangu zote. Magodoro mawili na neti tatu zilitoka kwenye gemu hiyo, na mtu akiniambia gemu ni upuuzi huwa nawakumbuka wale jamaa.

Ila kulikuwa na sheria. Anayecheza gemu ya onlaini kwenye simu anajua, simu ikiingia katikati ya mechi intaneti inakatika, mechi inaganda, na kwenye ligi yetu ukikatika umefungwa 3-0 hakuna mjadala. Kwahiyo kila mtu kabla ya mechi alikuwa anaweka daivati, simu zote zielekezwe kwenye namba ambayo haipo. Anayekupigia anaambiwa haupatikani. Meseji zinaingia ila simu ikiwa kwenye hali ya gemu hazitokei juu, unakuja kuzikuta ukimaliza. Nilikuwa naweka daivati kila usiku kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Hata siwazi.

Ijumaa ile ilikuwa tarehe 3 Mei. Kutwa nzima redio ni Hidaya tu, Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatangaza kimbunga kinakuja pwani, watu wasiingie baharini. Wavuvi wa hapa walikuwa wamevuta ngalawa juu kabisa. Bibi alikuwa amekaa na redio magotini, na kila wakitaja Mafia anasema Mafia si hapo mbele yetu tu. Ni kweli, Mafia imekaa palepale mbele ya mdomo wa Rufiji, kikifika pale kimefika kwao.

Saa tatu usiku nikaingia nusu fainali. Mpinzani ni kijana mmoja wa Tanga, fundi kwelikweli, mzunguko wa kwanza kanifunga. Upepo umeanza kuchezea mabati, watoto wamelala, mi niko koridoni nimeegemea ukuta. Dakika ya 70 tuko 2-2. Nikasikia mlango wa chumba cha watoto unafunguliwa pole pole.

Bibi alisimama hapo mlangoni. Alikuwa na kanga mbili, moja kajitanda kichwani, ile nyingine kajifunga, ya bluu, nakumbuka ilikuwa na doa la mkaa pembeni. Hakuingia koridoni, alisimama na mkono kashika mwimo wa mlango kama mtu anayeogopa kumsumbua anayeswali. Akasema, mume wangu.

Nikasema naam bibi.

Mjomba wako hajapiga?

Nami, macho yako kwenye kioo, mpira uko kwa winga wangu anakimbia, nikasema, hajapiga bibi.

Hivyo tu, hajapiga bibi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na simu nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe, hata angepiga mara 100 nisingejua. Sikufanya kusudi kumdanganya, wallahi, neno lilitoka lenyewe maana akili yangu yote ilikuwa kwa winga. Akasema basi ukimaliza nijaribie ile namba aliyopigia juzi, roho yangu haijatulia. Nikasema sawa bibi, dakika tatu tu.

Hakurudi kulala. Alibaki palepale kasimama. Kiti kilikuwepo, ndoo ya kukalia ilikuwepo, hakukaa, na mi sikumwambia kaa bibi. Mechi ikaisha 2-2, ikaenda dakika za nyongeza, ikaenda penati. Namuona kwa pembeni ya jicho anabadilisha mguu, anauegemeza huu, anaupumzisha ule, goti lake la kushoto lilikuwa linamsumbua toka safari ya mtumbwi. Upepo ukipiga bati anaangalia juu. Penati ya tano nikafunga, nikapiga ngumi hewani nikasema goli! kwa kunong'ona ili watoto wasiamke, na bibi akatabasamu, ye hajui hata ni nini, akaniambia, umefunga mume wangu? Hongera.

Nikatoka kwenye gemu. Meseji tatu, namba ngeni. Ya kwanza saa 3:11, imeandikwa bila nukta wala koma, napiga hupatikani mwambie mama mtumbwi unaondoka usiku huu wanasema kimbunga mwenye mtumbwi karuhusu kitu kimoja tu kila mtu nichukue nini. Ya pili saa 3:19, muulize mama haraka nichukue nini. Ya tatu saa 3:26, basi.

Saa kwenye simu yangu ilikuwa 3:34.

Nikatoa daivati vidole vinatetemeka nikapiga. Akapokea mzee mmoja, akasema yule kijana kashapanda, wameondoka sasa hivi hata taa yao siioni. Nikamuuliza kachukua nini. Mzee akasema hilo sijaangalia mwanangu. Nikamwambia bibi, mjomba kapanda mtumbwi, anatoka. Akasema alhamdulillahi, akaikusanya kanga akaingia kulala. Sikumwambia habari ya kitu kimoja. Nilisema ntamwambia asubuhi.

Asubuhi ilikuwa mvua na upepo, umeme hakuna, Hidaya ilitua Mafia Jumamosi hiyo na ikaishiwa nguvu, tukashukuru. Wiki nzima ikapita hatujui mjomba yuko wapi, ile namba ya mzee ikawa haipatikani kweli sasa, siyo ya daivati. Jumapili tarehe 12 mnaikumbuka wote, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, EASSy na Seacom kwa pamoja, nchi nzima mtandao ukalala. Fainali yangu ilikuwa siku hiyo, haikuchezwa. Nilikuwa nimekaa uani namenya mihogo na bibi, simu haina kazi yoyote isipokuwa kupiga na kupokea, na jioni jioni mjomba akaingia getini. Kakonda, ndevu zimeota, na begani kabeba cherehani.

Kile kichwa cha cherehani kizito, kakifunga kwa kipande cha neti. Akakiweka chini mbele ya mama yake, akapiga magoti akamwamkia, bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili akakaa naye hivyo. Mjomba akasema, mama nilipiga sikukupata, nikachukua hiki maana ndo chenye thamani. Bibi akasema umefanya vizuri baba, cherehani ndo mali, cherehani italisha watu.

Usiku, wengine wamelala, akaniuliza mimi. Siyo mjomba, mimi. Mume wangu, eti nyumba ilishaanguka? Nikasema mjomba anasema ilianguka Jumamosi, ukuta wa nyuma wote. Akasema darini kulikuwa na kopo la biskuti. Nikasubiri. Akasema kulikuwa na picha ya marehemu mume wangu humo, ile ya kofia, alipigwa kabla hatujaoana. Akakunja midomo kidogo, akasema haidhuru.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Niliposikia haidhuru nikaufunga. Sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi, mpaka leo sijui. Nimepiga hesabu mara nyingi, ningekaa bila daivati ile simu ya kwanza ingeingia kabla ya saa 3:11, mechi ingekatika, ningefungwa 3-0, bibi angesema kopo. Labda asingesema kopo. Labda kwa sauti yake mwenyewe angesema cherehani, maana ndo mwanamke mwenye akili zake, na leo mjomba ana kibanda cha fundi nguo pale sokoni kwa cherehani hiyo. Lakini angekuwa amechagua yeye. Hapo ndo hesabu yangu huwa inakwama.

Bibi alirudi kwao maji yaliposhuka, alisema hawezi kuacha mlau umpite. Mi gemu bado nacheza, daivati sijaweka tena tangu siku ile na nimeshafungwa mechi kadhaa za 3-0 kwa simu za watu wanaoulizia vitu vya kawaida tu.

Basi jana nilipotoka barazani nikampigia bibi, saivi ana simu, nikampa mtoto. Nilikuwa na mechi saa tatu. Nikamsikia mtoto anauliza, bibi, babu alikuwa na sura gani? Kimya kidogo, halafu bibi akaanza, na mtoto kaweka simu spika huku anachora. Alikuwa na mwanya. Masikio yametoka hivi kama ya mama yako. Nyusi zimekutana. Siyo hivyo, kofia haikukaa katikati, aliilaza upande. Upande gani bibi? Wa kulia, mkono anaolia. Mtoto anafuta, anachora tena. Mama watoto kaacha mchele kaja kuchungulia, kashika masikio yake mwenyewe.

Saa tatu ikafika, ikapita, grupu wananiuliza uko wapi, na simu ilikuwa bado iko kwa mtoto.