Kabla hujalipa ada ya ufundi magari, nenda kaangalie stoo ya spana

Wiki tatu zilizopita mama mdogo kanipigia saa mbili usiku, hata salamu hakumaliza. "Mwanangu, wewe ndo fundi kwenye huu ukoo, mdogo wako matokeo yametoka, ana D zake tano na C mbili, anasema anataka magari, mtafutie chuo kizuri." Af akanitajia kimoja alichokiona kwenye bango barabarani, lina picha ya kijana kavaa helmeti nyeupe kashika tableti. Nikamwambia sawa mama, nipe siku kadhaa. Ila moyoni nilishacheka maana hilo bango ni ndugu kabisa na lile lililonipata mimi miaka tisa iliyopita.

Mimi chuo nilichagua kwa geti. Yani kweli, geti. Lilikuwa zuri, ndani kuna bustani na jengo la vioo, baba alivyoliona tu akasema hapa mtoto atasoma. Jina lake silitaji. Darasani tulikuwa 46, injini za kufundishia mbili, mwalimu mmoja mzuri tu ila koo lake lilikuwa limeisha, na ukichelewa kufika karakana unachosoma siku hiyo ni kisogo cha mwenzako. Nikamaliza, nikapata cheti, nikaenda gereji Tabata nikiwa najiona injinia.

Siku ya nne bosi kanipa IST, ile Toyota ndogo, kazi ya kitoto, badilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta. Nikatoa koili nne, nikafungua plagi za zamani vizuri, nikachukua mpya nikaivalisha kwenye soketi na ekstensheni na racheti juu yake nikaanza kukaza. Ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu ikawa nzito mapema, mi nikajua ndo imefika, nikaongeza nguvu. Kumbe imeingia upande. Hedi ya ile injini, yani kile kipande cha juu plagi zinapoingia, ni aluminiamu na plagi ni chuma, na aluminiamu haibishani na chuma, inakubali tu, nyuzi za shimo zikatoka na plagi kama nywele. Bosi hata hakupiga kelele. Alichukua plagi ya nne akaichomeka kwenye kipande cha mpira wa petroli, akaishusha shimoni, akaanza kuuzungusha mpira kwa vidole viwili taratibu mpaka ikakaa yenyewe, ndo akachukua racheti akamalizia kidogo. "Ikikaa upande mpira unateleza, haikubali. Chuo mlifundishwa nini?" Nikamjibu, hata sijui kwa nini nilijibu, nikamwambia mizunguko minne ya injini, kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Aisee wale mafundi waliniita Kubana mwaka mzima. Hela ya kuchongesha ile hedi na kutia bushi yenye nyuzi mpya ilikatwa kwenye posho yangu, na posho yenyewe ilikuwa ya nauli na chipsi.

Kwa hiyo mama mdogo aliponiambia tafuta chuo, sikufungua brosha yoyote. Nilimwambia dogo vaa viatu tunaenda kuzunguka.

Lakini kabla ya kuzunguka nilimkalisha kwanza tuelewane anataka nini, maana watu wanasema "kusoma magari" kama ni kitu kimoja. Kuna njia ya VETA, hizi NVA level 1 mpaka 3, yani vyeti vya ufundi stadi, hapo unajifunza kazi ya mikono, na hata aliyeishia darasa la saba anaweza kupata nafasi. Af kuna njia ya NTA, yani ngazi za elimu ya ufundi ya vyuo, level 4 na 5 ni astashahada, 6 ni stashahada yani diploma, na ukiendelea mpaka 8 ndo digrii yenyewe. Kuingia level 4 wanataka D nne za form four bila kuhesabu masomo ya dini, na kwa mambo ya injini mara nyingi wanataka hesabu na fizikia ziwemo humo. Wote hao wapo chini ya NACTVET siku hizi, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa hiyo chuo chochote ukikisikia ingia kwenye tovuti yao uangalie kama kimesajiliwa na KOZI HIYO unayotaka imesajiliwa, maana kuna vyuo vina usajili wa kozi ya hoteli af vinakuuzia ya magari. Hii ni dakika tano tu, wala haihitaji kumsumbua mtu.

Digrii ya magari kabisa, ukiniuliza, cha kwanza kunijia ni NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, wale wapo tangu 1975 na usafiri ndo kazi yao. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ni ya zamani zaidi, 1957, pale mjini, wao ni mechanical kwa upana, na kwenye mambo ya kufunga mfumo wa gesi kwenye magari wameingia mapema. Arusha kuna ATC, Chuo cha Ufundi Arusha, ipo tangu 1978. Sijasema ndo pekee, nasema hizo ndo ninazokutana na watu wake kazini. Dogo akaniuliza kwa hiyo nikisoma digrii nitakuwa fundi mzuri kuliko wewe? Nikamwambia digrii itakupeleka kwenye ukaguzi, kwenye bima wanapokadiria magari yaliyogongwa, kwenye ofisi ya kampuni yenye malori 200, ila ukifungua gia boksi kwa mara ya kwanza gia boksi haitakuuliza GPA. Na kama una haraka ya kushika spana anza VETA, mwenye NVA 3 na cheti cha form four mlango wa NTA haujafungwa.

Tulitembelea vyuo vitatu. Tulienda siku ya kazi, katikati ya wiki, saa nne asubuhi, bila taarifa. Siku ya maonesho usiende, siku hiyo kila kitu kimepakwa rangi.

Cha kwanza ni kile cha bango. Mapokezi AC, wakatupa juisi. Karakana kuna injini imesimama kwenye stendi, imekatwa ubavuni uone pistoni, rangi nyekundu na bluu, inang'aa. Nikauliza hii iliwaka lini mara ya mwisho, yule mwalimu akacheka, akasema hii ni ya kuonyesha. Nikauliza ya kuwasha iko wapi, akasema ipo ila imeharibika. Sasa baba, wewe ni chuo cha kutengeneza injini! Wanafunzi walikuwa wamevaa ovaroli zina mstari wa pasi. Alhamisi, saa nne. Tukaaga.

Cha pili sina la kusema sana, wapo kawaida, ila kwenye fildi mwanafunzi anajitafutia mwenyewe na ukiuliza wale wa mwaka jana walienda wapi hakuna anayejua.

Cha tatu ndo nilikaa masaa mawili. Geti bovu, kufuli limefungwa kwa waya. Badala ya kwenda kwa mkuu wa chuo nikaenda stoo, nikaanza kupiga stori na mzee wa stoo, huyo ndo anajua chuo kuliko wote. Ukutani kuna ubao wamechora umbo la kila spana kwa rangi, mahali spana haipo unaona kivuli chake, na pembeni daftari nani kachukua saa ngapi. Namba 10 zilikuwa vivuli vitupu vyote sita (fundi yeyote wa Toyota ataelewa, namba 10 haikai popote duniani). Nikamuuliza mbona zote hazipo, akasema "ziko kazini, nenda kaangalie." Nikaenda. Wanafunzi wanne kwa injini moja, Hiace mbovu ya chuo imeinuliwa, binti mmoja yupo chini yake anafungua klachi huku anamgombeza mwenzake kashika taa vibaya. Mwalimu kaegemea ukuta kimya. Kuna bajaji ya gesi pia wanaifungua, na mashine ya kupima gari ipo, ya zamani kidogo ila kioo chake kimechubuka kwa kutumika. Gari la hybrid, la mafuta na umeme pamoja, hawana, nikauliza wakasema hawana, nikapenda jibu.

Dogo muda wote alikuwa kimya. Tulivyotoka nikamuuliza umeonaje, akasema "kaka, yule dada mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye kiwiko."

Tumekubaliana cha tatu. Dirisha la maombi bado, kwa hiyo kwa sasa anakuja gereji kila Jumamosi, nimempa hedi moja mbovu ya 1NZ, injini ya Toyota kama ile IST, na plagi nne na kipande cha mpira, anaweka anatoa, anaweka anatoa. Mama mdogo bado hajakubali vizuri, jana kanipigia tena kuniuliza hivi huko hata vioo hakuna?