Siku ya 23: nimekwamuliwa na ngeli

Siku ya 23 ya kuisoma *It*, riwaya ya kutisha ya Stephen King, na jana usiku nimeumaliza moto wa Black Spot. Mara zote mbili nilizoijaribu zamani nilikwamia hapo hapo, kwenye zile kumbukumbu za Mike Hanlon wa maktaba.

Vifaa kwanza. Nakala yangu ni ya mtumba, niliinunua Posta, kurasa zaidi ya 1,100, nene kama tofali la kuchoma. Ndani ya mwendokasi ya Kimara saa kumi na moja jioni, umesimama, mkono mmoja bombani, haisomeki. Nikaipasua vipande vitatu kwa wembe, jamaa wa steshenari akavibaindi kwa spairo. Wapenda vitabu mtanisamehe. Simu nilishaijaribu: kila nywele zikitaka kusimama, inaingia meseji ya mchango wa harusi.

Mpango ulikuwa kurasa 40 kwa siku, na jedwali la safu mbili: watoto wa 1958 huku, wao hao wakiwa watu wazima 1985 kule. Jedwali lilikufa siku ya sita. Lililoliua ni neno moja.

Dondoo zangu naandika kwa Kiswahili, la sivyo sijui kama nimeelewa. Sasa wale watoto saba hawajui kinachowawinda ni nini. Wanakiita It, basi. Kiswahili kinakudai ngeli kabla hujaogopa. Nikiandika "kimekuja", nimeshakipunguza. Kimekaa safu moja na kijiko. "Limekuja": tayari naona jitu, na hapa hakuna umbo moja, kila mtoto anatokewa na lake. Huyu ndege mkubwa, yule mwenye ukoma, Beverly damu kwenye sinki ambayo baba yake haioni. (Na msinitajie zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linakujua, na linakumaliza.) "Amekuja" ndiyo kabisa, kama unamwekea mgeni chai. Nikajaribu "imekuja", ikasomeka kama parseli kutoka Mwanza.

Siku nne sikusoma hata ukurasa. Nilikaa nafuta na kuandika upya sentensi moja, kwa penseli ya HB, ambayo kwa daftari la karatasi nyepesi ni takataka. Chukueni 2B.

Jumapili nikamlalamikia mama mdogo, mwalimu mstaafu, akiwa anachambua mchele barazani. Hakuinua hata macho.

"Mwanangu, ukisema kumekucha, umewahi kuuliza nani kacha?"

Nikaacha chai yangu pale pale.

Ngeli ya mahali! Haina mtu, haina kitu, mahali penyewe ndipo panatenda. Nikarudi mwanzo kabisa, kwa mtoto Georgie na mashua yake ya karatasi inayotumbukia mtaroni, mvua ya 1957. Nikaandika: "Mtaroni mmeita jina lake." Halafu: "Mtaroni mmecheka." Isome haraka, utadhani unaambiwa wewe na wenzako. Niliwasha taa ya ukumbini, nakiri.

Nilipofika Black Spot, klabu ya askari weusi inayochomwa moto na wazungu wabaguzi, nikaandika "Derry pameua," Derry ndio mji wa riwaya, na kwa mara ya kwanza kurasa zile zikapita. Zamani nilikuwa nalisaka zimwi mle. Zimwi lenyewe linapita dakika moja tu, mfano wa ndege angani. Mienge imeshikwa na watu, na mji mzima unajua, unaendelea kuuza mikate.

Sasa ratiba imeharibika kabisa. Badala ya kusonga mbele narudi nyuma kuhamisha dondoo zote ziingie PA-MU-KU, na nimeshaanza kutafsiri sura ya kwanza nzima, kazi ambayo hakuna aliyenituma. Kipande cha tatu hakijafunguliwa.

Jana jioni mvua ilipiga, mtaro wa mbele ya nyumba ukajaa hadi ukingoni. Mtoto wa dada akanifuata chumbani.

"Mjomba, mpira wangu umeingia mtaroni. Njoo unitolee."

Nimemwambia tutanunua mwingine.