Babu Aliyeikataa Chalinze

"Mama, yule babu aliyeikataa Chalinze bado yupo?" Binti ameniuliza jana huku anakunja nguo za likizo. Sijui kama yupo. Ila swali lenyewe limenirudisha Ubungo, alfajiri ya Desemba 2018.

Yeye alikuwa na miaka sita, mdogo wake mitatu, tunakwenda Iringa kwa bibi yao. Viti nilikata katikati ya basi, upande wa dereva. Katikati, kwa sababu mkiani basi linarusha na kuyumba zaidi, mtoto anachafukwa mapema. Upande wa dereva, kwa sababu ya jua. Desemba jua liko kusini, kwa hiyo ukitoka Dar kuelekea Morogoro linapiga kushoto asubuhi mpaka mchana. Juni na Julai ni kinyume, basi kaa kushoto. Mtoto aliyepigwa jua tangu Kibaha, hakuna mchezo utakaomtuliza.

Kila mmoja alikuwa na mfuko wake wa kitambaa, umefungwa kwenye kiti cha mbele, na kila kilichomo kimeviringishiwa gazeti. Kinatoka kimoja kimoja, na kufungua gazeti nako ni mchezo. Penseli za rangi nilizifunga kwa uzi kwenye daftari, maana ikidondoka moja inaviringika hadi mlangoni na kilio kinaanza. Karanga hapana kwa huyu mdogo: dereva akishika breki ghafla, zinaingia njia ya hewa. Tulibeba ndizi, viazi vya kuchemsha na biskuti zisizo na krimu. Maji ni funda mojamoja, mara kwa mara.

Kuchora ni kwenye barabara iliyonyooka tu. Macho yakiganda kwenye daftari huku sikio la ndani linahisi mwendo, ubongo unapokea taarifa mbili zinazogombana, na mtoto anatapika. Kwenye kona, daftari ndani, macho mbali mbele. Enzi zile konda alikuwa anagawa rambo za kutapikia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi nabeba kopo la aiskrimu lenye mfuniko, na kwa kweli ni bora zaidi, halivuji.

Mpaka Morogoro mifuko ilikuwa haijaguswa sana. Ndivyo inavyotakiwa. Gari likitembea, dirisha linalea. Likisimama ndipo wewe unapoanza kazi, kwa hiyo kile kitu kizuri kuliko vyote usikitoe mapema.

Likasimama ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilometa 50 hivi, na humo humo tairi la nyuma likapasuka. Konda akatangaza hashuki mtu, wala kuchimba dawa hakuna, humu mna simba. Joto likapanda. Nyani wakasogea, wamezoea kurushiwa maganda, madirisha yakavutwa. Haukupita muda, mtoto mmoja akaanza kulia na wengine wakamfuata.

Nikatoa makaroni. Kikombe kimoja cha makaroni mabichi, yale manene yenye tundu pana, na kamba mbili za viatu. Kamba ya kiatu inaushinda uzi kwa kuwa ncha yake ni ngumu, kidole cha miaka mitatu kinaiweza. La kwanza unalifungia fundo mwishoni, bila hivyo yote yanamwagika. Mkufu hutungwa gari likiwa limesimama tu, na wewe unamwangalia mdogo asitie mdomoni. Ukawashika kitambo, kisha wakachoka.

Hapo kichwa chenye kofia ya kufuma kikajitokeza kati ya viti vyetu.

"Kitendawili!"

"Tega!" Binti alidaka palepale.

"Nyumba yangu haina mlango."

Akataja kaburi, akataja pango. Babu akatikisa kichwa. "Hujapata. Nipe mji."

"Chalinze."

"Chalinze siitaki. Chalinze nimeiacha asubuhi. Nipe mji wa mbele."

Binti akanigeukia, nikamnong'oneza.

"Ruaha Mbuyuni!"

"Vitunguu ninavyo nyumbani, vinatosha."

Mtoto wa kiti cha pili akapiga kelele, "Ilula!"

"Nyanya nazo ninazo. Ongeza."

Watoto walikuwa wamesimama juu ya viti sasa, wamesahau nyani. Wakapaza kwa pamoja: "Iringa!" Babu akaegemea, akafumba macho, akaanza polepole kama mtu anayesimulia safari ya kweli. "Haya. Nimekwenda Iringa, nikapokewa vizuri, nikapewa ugali na maharage, nikalala. Asubuhi wenyeji wakaniambia: yai."

Ikawa zamu ya kila mtu. Mwanangu mdogo naye akainua mkono. "Kitendawili!" Basi zima, "Tega!" Akasema, "Gari." Babu akaliwaza neno hilo kwa muda mrefu, uso mzito. "Hicho kimenishinda, mjukuu wangu. Chukua Dar es Salaam yote."

Tairi likafungwa. Kitonga tulipanda daftari zikiwa ndani, na babu akashuka Ilula. Iringa tuliingia magharibi.

Mchezo ule nimeurudia kwenye foleni za Kimara. Siku nyingine unakubali, siku nyingine wanaukimbia baada ya kitendawili cha tatu. Nadhani kilichowashika siku ile ni mtu mzima asiyewajua kubishana nao kwa dhati juu ya mji gani unafaa, na hilo sijapata namna ya kulifungasha. Mabasi ya usiku yamerudi tangu 2023, na wanayataka, eti mtu analala Dar anaamkia Iringa. Lakini usiku dirisha halionyeshi kitu, na majina ya miji kwenye vibao hayasomeki. Tiketi bado sijakata.