Kichwa cha Sara

Mwanzoni mwa 2008 binamu yangu alikuja Lamu kutoka Mombasa na DVD za Prison Break, tamthilia ya Kimarekani ya Michael na kakake Lincoln wanaotoroka jela, msimu wa tatu, zile za kunakiliwa zinazokwama kila mnapofika patamu. Baada ya isha tulijazana msanani kwa shangazi: sisi mkekani, yeye kitandani na bakuli lake la njugu. Kiingereza hakukijua. Mkalimani nilikuwa mimi, na nakiri chumvi niliongeza.

Lincoln alipofungua boksi akakuta kichwa cha Sara, daktari mpenzi wa Michael, dada zangu walilia kweli, kilio cha matanga. Mimi nilipandwa na hasira. Misimu miwili mtu anatupendezesha daktari yule, halafu anamchinja nje ya kamera, hata neno la kuaga hakumpa?

Shangazi hakutikisika. Alikuwa muosha maiti, na wanawake aliowaosha mtaa mzima wa Langoni nadhani hata mwenyewe hakuwahesabu.

"Uso umeuona?"

Nilikumbuka nywele tu.

"Basi. Maiti hufunuliwa uso watu wakaaga. Hicho kitwa si chake."

Tulimcheka.

Baadaye nilikuja kusoma yaliyokuwa nyuma ya boksi lile. Mwigizaji, Sarah Wayne Callies, alikuwa mjamzito, na mazungumzo ya kumrudisha kazini hayakufika popote. Waandishi wakabaki na mhusika asiye na mwili. Wakimwacha hai, kila wiki lazima waeleze yuko wapi na kwa nini hapigi hata simu. Wakimuua, mshahara umekatika na Michael, aliyefungwa kule Panama, anapata kisasi cha kumtia mbio. Nilipomweleza shangazi alicheka mpaka akapaliwa na njugu. "Kumbe ni mambo ya posho!"

Msimu wa nne Sara akarudi mzima. Kichwa kilikuwa cha mwanamke mwingine. Shangazi alinidai kilo ya halua, nami nililipa, maana mtaa wote ulishasikia.

Kwa Michael mambo yalikuwa mengine. Damu ilikuwa ikimtoka puani msimu mzima, na mwisho, 2009, tukaonyeshwa kaburi lenye jina lake. Kifo kile hata mimi nilikikubali. Kilipikwa polepole, hakikutokana na mkataba wa mtu. Shangazi alitazama lile jiwe, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Huyu amekwenda," akasema. Siku mbili hakutaka televisheni iwashwe.

2017 Michael akafufuliwa. Nilimpelekea shangazi habari mbio, nikidhani atafurahi kama alivyofurahia ya Sara. Alimkodolea macho yule mwanamume kwenye skrini muda mrefu.

"Si yeye."

Nikamwambia ni yeye, mwigizaji ni yuleyule, Wentworth Miller, pua ileile.

"Huyo tushamzika," akasema, akageukia ukutani. "Zima, nataka kulala."