Vikapu vya maua winta, kiu ndo inaua sio baridi

Jamani kila ikifika Desemba Waswahili wenzangu hapa Uingereza wananiuliza swali lile lile, eti mbona vikapu vyako vya kuning'iniza bado vina maua vyetu vimekauka, na wote wanailaumu baridi. Baridi inasingiziwa tu. Pansi na viola, yale maua ya kupanda winta, zinavumilia barafu, asubuhi unazikuta zimelala hoi ila ikiyeyuka zinainuka zenyewe, kwa hiyo usikimbilie kung'oa!!

Kinachoua ni kiu. Kikapu kipo chini ya upenu, mvua inanyesha kutwa lakini haikifikii, upepo nao unakausha kila upande, na udongo ukiganda mizizi hainyonyi kitu hata maji yakiwepo. Mi nakiinua kidogo kwa mkono toka chini, kikiwa chepesi namwagilia, tena asubuhi ya siku isiyo na barafu, jioni hapana maana yataganda usiku. Na yasituame, tope la baridi linaozesha mizizi. Zile chembe za jeli za kushika maji mi naziacha kwa ajili ya kiangazi, mbolea nayo isubiri hali ya hewa ipate joto. Maua yaliyonyauka yachume na kikonyo chake, ukiyaacha yakafanya mbegu mmea unapunguza kuchanua. Wakitangaza dhoruba kishushe, kiweke chini karibu na ukuta.

Kutoa maua ya winta na kuweka ya kiangazi ni Mei mwishoni. Jua la Aprili muongo mkubwa huyo, barafu ya usiku bado inarudi, Uskoti hata Juni inaweza kupiga, na petunia, maua ya kiangazi, hazina ubishi nayo, usiku mmoja tu kwisha habari. Pansi zilizorefuka ovyo zipeleke kwenye mboji, ila aivi, ule mmea wa kutambaa, usitupe! ichomoe na mizizi yake, ipunguze, ipande tena kwenye udongo mpya, ule wa zamani mwaga bustanini umeshachoka.

Za winta zinarudi Septemba au Oktoba mwanzoni udongo ukiwa bado na joto mizizi ishike, na hapo jaza kikapu kabisa sababu baridi ikianza hakikui kitu, nafasi ulizoacha utaziangalia mpaka Machi. Chukua kikubwa, upana wa sm 35 au zaidi, vidogo vinakauka na kuganda haraka. Na ndoano ikiwa na kutu badilisha kwanza, kikapu kikilowa kizito balaa.