Siku moja maishani mwangu: chukudu, viazi na kisigino cha kulia

Saa 9 usiku, Kibumba

Baridi ya Kibumba, kaskazini ya Goma, mashariki ya Kongo, saa hizi inaingia mpaka kwenye kucha. Naamka kabla ya jogoo, nanawa uso kwa maji ya bidoni (dumu), halafu natoka nje kugusa breki kabla ya kugusa chai. Chukudu, kigari chetu cha kubebea mizigo, haina mashine. Ni mbao nzito, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani, na kwa nyuma kipande cha tairi kinachoning'inia juu ya gurudumu. Nikikikanyaga kwa kisigino, kinalisugua gurudumu. Hiyo ndiyo breki, au freni kama tunavyosema huku. Leo kimebaki unene wa kidole cha mwisho. Kwa mzigo wa leo kinatosha, lakini jioni lazima kibadilishwe.

Kijana ninayemfundisha kazi anafika akivuta yake. Ana miaka 19 na hii ni wiki yake ya tatu. Bado simruhusu kubeba. Anashuka na chukudu tupu ili miguu yake ijifunze barabara. Tunapakia viazi kwangu, magunia matatu, kila moja kilo 80, na kuyafunga kwa kamba za mpira mpaka yasicheze hata kidogo.

"Yaya, mbona tatu tu? Jana wale wengine walishuka na matano."

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Namwambia nitamjibu barabarani. Kuna majibu ambayo mtu huyaelewa kwa miguu kwanza.

Saa 10 alfajiri

Tunaanza kusukuma. Mzigo kilo 240, chukudu yenyewe kilo 60, jumla 300. Hapa mwanzo ni tambarare na lami imelowa umande. Mimi kwenye usukani, yeye nyuma, tunainamisha migongo na kwa muda kidogo hakuna kinachotokea. Kisha gurudumu linakubali. Hatua ya kwanza ni ndogo, ya pili kubwa kidogo, na baada ya hatua kumi ninaweza kumwambia aachie, nikaendelea peke yangu kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo ninapopenda kuanzia somo. Nilisoma hisabati na fizikia mpaka nikapata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Ada ya chuo kikuu haikupatikana, lakini fizikia sikuiacha. Shuleni tuliisoma kwa Kifaransa, na maneno ya Kiswahili niliyapata baadaye. Kani ni kule kusukuma au kuvuta. Masi ni wingi wa kitu chenyewe, ule unaokifanya kiwe kigumu kuanza na kigumu kusimama. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendo unaongezeka au unapungua kila sekunde. Kani ni masi mara mchapuko. Ukisukuma kilo 1 kwa kani ya nyutoni 1, kila sekunde inayopita itakuwa imeongeza mwendo wa mita 1 kwa sekunde.

Watu wengi, hata waliosoma, wanaamini kwamba kani ndiyo inayofanya kitu kiende. Wanasema ukiacha kusukuma kinasimama, kwa hiyo kinakula kani ili kiende. Chukudu inaonyesha vinginevyo. Kuianzisha kulitaka watu wawili, kuiendesha kunataka mkono mmoja, na huo mkono mmoja kazi yake yote ni kulipa msuguano wa magurudumu. Kani yetu ya ziada, ile iliyozidi msuguano, ilikuwa kama nyutoni 150. Gawanya kwa kilo 300, unapata nusu mita kwa sekunde, kila sekunde. Ziada ikiisha, mwendo haufi. Unabaki pale ulipofika. Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha 1687, aliandika juu ya badiliko la mwendo. Neno ni hilo: badiliko.

Saa 11, kwenye mteremko

Volkano ya Nyiragongo iko kulia kwetu, nyeusi kuliko anga. Barabara inaanza kuinama kuelekea Kibati, nami napanda kwenye mbao, mguu wa kushoto mbele, kisigino cha kulia juu ya mpira. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo sasa kinachoshuka ni kilo 360. Kijana naye na chukudu yake tupu ni kilo 120.

"Achilia," namwambia. Tunaachilia pamoja.

Tunashuka sambamba. Yeye anashangaa, anatazama magunia yangu, anatazama mbao zake tupu. Alidhani nitamwacha mbali. Lakini mzigo mara tatu unavutwa na dunia mara tatu, na huo huo mzigo mara tatu unagoma kubadilisha mwendo mara tatu. Msuguano wa magurudumu nao unakua na mzigo. Ukigawanya, masi inajifuta yenyewe. Kwenye mwinamo wa mita 5 kwa kila mita 100, kwa magurudumu kama yetu, sote tunapata mchapuko wa karibu mita 0.2 kwa sekunde, kila sekunde. Sekunde 25 bila breki, na tunakwenda mita 5 kila sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia.

"Sasa simama!"

Anasimama ndani ya karibu mita saba. Mimi nakanyaga kwa nguvu zote, mpira unalia, harufu yake inapanda mpaka puani, napita mita kumi, kumi na tano, nasimama karibu na mita ishirini mbele ya jiwe tulilolitumia kama alama.

Anakuja anakimbia. Namwonyesha kisigino changu. Mteremko hauulizi umebeba nini. Unatupa sote mchapuko ule ule. Ila kisigino hakikui na mzigo. Kinatoa kani ile ile, kama nyutoni 300 kwangu mimi, ziwe kilo 120 au kilo 360. Kitu pekee katika hesabu yote ambacho hakiongezeki unapoongeza gunia ni mguu wako. Kwa hiyo gunia la nne halihisiki wakati wa kushuka, linakungoja wakati wa kusimama.

Niliyajua haya kwenye daftari na bado nikayapuuza. Miaka minne iliyopita nilishuka hapa hapa na magunia matano, kwa sababu siku hiyo nilihitaji pesa ya matano. Mbele kulikuwa na mama aliyebeba kuni mgongoni, anavuka. Nilikanyaga na chukudu ikaendelea kama vile sikufanya kitu. Niligeuza usukani nikaingia kwenye mawe ya volkano kando ya barabara. Yeye alipita salama. Mimi mfupa wa mguu ulipasuka, na wiki saba nilikaa ndani nikiangalia paa. Nilirudia hesabu ile kichwani kila siku, na kila siku ilitoa jibu lile lile. Kijana anaijua alama iliyo mguuni mwangu. Leo ndiyo mara ya kwanza ninamweleza ilivyokuja.

Saa 1 asubuhi, Goma

Tumepita Munigi, tumeingia Majengo. Hapa ni pikipiki, magari, wanafunzi wenye mashati meupe, honi. Nashuka kwenye mbao na kutembea kando ya mzigo. Soko la Virunga limeshajaa. Mama ninayemletea viazi anapima gunia moja moja, analipa, anatupa chai ya maziwa na mandazi.

Saa 4

Maji. Tunashuka Ziwa Kivu na kupakia bidoni za lita 20 kwa wateja wa mtaani, kilo 20 kila moja. Jambo moja tu la kusema hapa: jaza bidoni mpaka shingoni. Bidoni iliyojaa nusu ina maji yanayobaki nyuma chukudu inapoondoka, halafu yanakuja kugonga ukuta wa mbele unapofunga breki, na mzigo unayumba wakati ule unaouhitaji utulie.

Saa 8 mchana

Saa niliyoingoja tangu usiku. Mama wa viazi ana uwanja wa saruji nyuma ya duka, tambarare kabisa, na ametukopesha mizani yake ya springi, ile ya kuning'iniza yenye ndoano.

Mizani hii inasema kilo, lakini kinachonyoosha springi ni kani. Kilo 1 kwenye uso wake ni nyutoni 9.8. Ndiyo maana tunaweza kuilaza na kuvutia kitu.

Tunafunga ndoano kwenye chukudu tupu. Kwanza kijana anaivuta polepole kwa mwendo usiobadilika: mshale unasimama kwenye 2. Huo ni msuguano. Sasa anaivuta kutoka kusimama, akiuweka mshale kwenye 6, bila kuuacha ushuke. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, maana inabidi uzidi kukimbia ili mshale ubaki palepale. Mimi napima kwa simu. Mita 6: sekunde 4 na kidogo. Tunarudia mara tano, tunachukua wastani, 4.3.

Halafu bidoni sita zilizojaa juu yake. Masi imekuwa kilo 180, mara tatu. Msuguano sasa unasoma 6, kwa hiyo tunavuta kwa 10 ili ziada ibaki 4 kama mwanzo.

"Itachukua muda gani?" namuuliza.

"Mara tatu. Sekunde kumi na tatu."

Anavuta. 7.5. Anarudia. 7.3. Anakasirika, anadhani amekosea, anarudia tena na tena mpaka jasho linamtoka kidevuni. Ni kati ya 7.3 na 7.5 kila mara.

Simsaidii haraka. Nampa chaki, achore kwenye saruji. Mchapuko umegawanyika kwa tatu, kweli, kutoka kama 0.65 hadi 0.22. Lakini umbali hauendi na sekunde moja moja, unaenda na sekunde zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu kila sekunde inayopita inaikuta chukudu ikiwa na mwendo zaidi ya iliyotangulia. Anachora, anafuta kwa kiganja, anachora. Ghafla anaketi juu ya bidoni.

"Yaya. Muda wenyewe mara muda wenyewe ndio umekuwa mara tatu."

Mama amesimama mlangoni na sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani, mkononi, amesahau kuiweka chini. Mimi nimefurahi kuliko siku nilipopokea diploma yangu. Hajawahi kuvuka mwaka wa pili wa sekondari, na ameifikia peke yake, kwa mizani ya viazi.

Saa 10 jioni

Tunapanda lori kurudi Kibumba, chukudu zote mbili zimefungwa juu. Nalala nikiwa nimesimama.

Saa 1 usiku

Nakata kipande kipya cha tairi, kinene, upande wenye mistari ukitazama gurudumu, nakipigilia misumari minne. Kijana anashikilia tochi ya simu. Haulizi tena juu ya magunia matano. Anauliza mguu wake yeye unatoa kani kiasi gani.

Tunachukua ile mizani, ambayo mama ametuachia mpaka kesho. Nafunga ndoano nyuma ya chukudu yake, yeye anakanyaga breki kwa kisigino, mimi navuta mpaka gurudumu linaanza kuteleza chini ya mpira. Mshale unafika 25.

Ananyamaza kidogo, anahesabu kwa vidole.

"Mawili," anasema. "Kesho nabeba mawili."