Nilivyoityuni CB750 kwa akili ya fundi wa CG

Kabla sijahamia Uingereza nilikuwa fundi pikipiki Morogoro, na injini niliyoijua nje ndani ni ile ya bodaboda nyingi za Kichina, ambayo asili yake ni Honda CG125. Nilipopata Honda CB750, pikipiki kubwa ya miaka ya sabini, yenye silinda nne na kabureta nne, jamaa walinishauri niipeleke kwa mtaalamu. Nikakataa.

Watu huidharau CG kwa kuwa haina makuu. Lakini Honda walikuwa tayari na CB125 yenye kemshafti (mhimili wa kufungua valvu) juu, inayozungushwa na cheni. Kwenye CG ya 1976 wakaishusha kemshafti chini makusudi, ikazungushwa na gia, na pushirodi (fito ndefu) zikasukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Hakuna cheni ya kulegea. Tena nundu moja tu ya kemu inahudumia valvu zote mbili! Aliyeichora nundu ile namvulia kofia kuliko aliyepanga kabureta nne kwa safu.

Nilipofungua vifuniko vya CB750 nikakuta jambo la kunifurahisha: valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, vilevile kama CG. Kawasaki Z1 ya 1972 ingenitesa, maana ile ina kemshafti mbili na visahani vya chuma vya unene tofauti vya kurekebishia valvu, ukikosa kinachofaa umekwama. Kumbe mnyama huyu, aliyetoka kwanza 1969, ni silinda ya kawaida iliyorudiwa mara nne.

Nikaanza na nafasi za valvu, injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.05 mm, za kutoa moshi 0.08. Halafu platinamu, zile swichi za kutoa cheche, seti mbili, moja ya silinda 1 na 4, nyingine ya 2 na 3. Kabureta nikaziacha mwisho, kwa sababu nafasi za valvu zikitofautiana, geji za mvuto wa hewa zitakudanganya tu.

Hapo ndipo ujuzi wa Morogoro uliponiishia. Kabureta ya CG haina mwenzake wa kugombana naye. Hizi, ukiipandisha moja, mizunguko ya injini inapanda na mishale ya geji za zile tatu inahama. Niliazima geji nne, nikaweka feni kubwa mbele maana injini inapozwa na upepo na ikisimama inachemka, kisha nikawa nagusa skrubu kidogo kidogo, nazima ipoe, narudia. Mishale ilipolingana, injini ikatulia kwenye mizunguko kama 1,000 kwa dakika, bila kumisi.

Sijasema ni rahisi kama CG. Ile naivua silinda hedi ikiwa kwenye fremu; hii lazima injini nzima ishuke chini, na ni mzigo wa watu wawili.

Sasa kuna mwenye Honda CBX anayetaka nimfanyie na yake: silinda sita, kabureta sita, valvu 24, zote za visahani. Nimemwambia atafute geji sita kwanza, ndipo tuongee bei.